Zima pampu kwanza, jisifu baadaye

Wasee wa kufuga samaki, tuambiane ukweli. Tunashinda tukikaza valvu ya bomba la kushusha maji mpaka kelele iishe, halafu tunajiita mafundi. Mimi pia. Kisha usiku mmoja stima ikapotea, pampu ikasimama, na maji ya tangi la juu yakaendelea kushuka kwa tangi la chini, ambalo nilikuwa nimelijaza karibu pomoni. Sebule ikawa bwawa. Jirani wa chini akaja kugonga.

Kwangu sasa, ukimya si kipimo. Zima pampu mwenyewe mchana, ngoja maji yatulie, ndio uweke alama ya mwisho wa kujaza. Na bomba la dharura lisiwe na valvu. Konokono akiziba lile lingine, hilo ndilo litakuokoa.

Wewe umejaribu lako?