Usiwape Watu Wote 777

Wasomaji wangu, leo naungama. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha mtandao wa ofisi moja ndogo hapa Nairobi: tarakilishi za Windows, mbili za Ubuntu na Mac ya mkurugenzi. Printa ilikuwa moja, ile inayochapisha na pia kuskani hati na kuzituma kwenye folda iliyo katika seva ya Linux, kupitia Samba.

Kuchapisha hakukunisumbua. CUPS huelewana na mifumo yote mitatu kwa itifaki ya IPP, mlango wa 631. Taabu ilikuwa skani: kila tukijaribu, folda inakataa. Saa kumi na moja jioni, mhasibu kanisimamia mgongoni, nikaandika chmod 777. Skani ikapita. Nikashukuriwa, nikakimbilia matatu.

Wiki iliyofuata orodha ya mishahara ilikuwa midomoni mwa watu. Hakuna aliyedukua kitu. Mhasibu aliiskani, ikalala kwenye folda niliyoifungua mwenyewe. Wawili wanaofanya kazi ile ile waligundua kwamba mishahara yao hailingani, wakaacha kusalimiana.

Hebu tuhesabu. 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuingia kwenye folda, jumla 7. Saba ya kwanza ni ya mwenye folda, ya pili ni ya kikundi, ya tatu ni ya kila mtu mwingine. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniponza.

Kumbe printa ilikuwa ikitumia akaunti isiyo na haki ya kuandika, basi! Niliunda kikundi cha uhasibu, nikaipa printa akaunti yake ndani ya kikundi hicho, folda nikaiweka 2770 (ile 2 hufanya faili mpya zirithi kikundi cha folda), na kwenye Samba nikaongeza valid users = @uhasibu. Dakika kumi tu.

Msimamo wangu ni huu: haki ya kutumia printa na haki ya kusoma kilichopitia kwenye printa ni vitu viwili tofauti. Mteja anataka karatasi itoke, na hilo si kosa lake. Ni sisi mafundi tunaopaswa kumwambia asubiri hizo dakika kumi.

Je, folda ya skani ya ofisi yenu inafunguliwa na nani? Ingia leo kwa akaunti ya kawaida ujaribu.