Uhandisi hauishii ubaoni

Kila mwaka inapokaribia likizo ndefu ya vyuo, maelfu ya vijana wetu huanza kuhangaika wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya viwandani, yale ambayo wao wenyewe huyaita “atachimenti”. Katika nyumba nyingi siku hizo huwa za pilkapilka. Baba humpigia simu mjomba aliye na kazi Nairobi, barua za maombi huchapwa na nauli hutafutwa. Lakini ni wachache wetu wanaouliza swali lililo muhimu zaidi: kijana akishaipata nafasi hiyo, atafunzwa nini huko?

Hebu leo tulitazame jambo hili kutoka Embu na Meru. Ukipanda matatu mjini Embu kuelekea Meru, utapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu. Kushoto kwako ni Mlima Kenya na mashamba ya majani chai. Kulia kwako ardhi inateremka kuelekea Mbeere na Tharaka, hadi Mto Tana. Abiria wengi husinzia njiani. Mwanafunzi wa uhandisi hafai kusinzia, kwa sababu anapita katikati ya karakana kubwa.

Tuanze na Mto Tana. Kati ya Masinga na Kiambere kuna mabwawa 5 yaliyopangana mithili ya ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilikamilika mwaka wa 1968, na Kiambere mwaka wa 1988. Maji yale yale yanayozungusha mitambo ya bwawa la juu huteremka kuzungusha ya bwawa linalofuata, hata yote kwa pamoja yakaweza kutoa karibu megawati 600 za umeme. Anayesomea umeme ana mengi ya kuona hapo. Anayesomea ujenzi naye atajionea jinsi udongo unaomomonyoka kwenye miteremko unavyotuama katika bwawa la Masinga na kulipunguzia nafasi ya maji. Tatizo hilo halimaliziki kwa hesabu za ubaoni pekee.

Panda sasa juu, kwenye viwanda vya majani chai. Embu kuna Mungania na Rukuriri. Meru kuna Imenti, Githongo na Kinoro. Watu wengi hudhani kiwanda cha chai ni mahali pa kusaga majani basi. La hasha! Majani mabichi hunyaushwa kwa saa nyingi kwa hewa inayosukumwa na feni kubwa. Kisha husagwa na mashine zenye meno, huachwa yabadilike rangi, halafu hukaushwa kwa hewa moto hadi unyevu unaobaki uwe kama asilimia 3 tu. Joto hilo hutokana na mvuke wa boila linalochochewa kwa kuni. Boila likitumia kuni kupita kiasi, au mota ikila umeme ovyo, gharama hiyo humwangukia mkulima siku ya malipo. Kiwanda cha Imenti hata kilijenga mtambo wake wa umeme wa maji na kuuza umeme wa ziada kwa Kenya Power. Je, ni darasa gani linaloweza kumpa mwanafunzi yote hayo pamoja?

Na katikati ya safari hiyo kuna Daraja la Nithi. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Mteremko mkali na kona vililalamikiwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi aliyesomea kona za barabara kwenye vitabu, akisimama pale, ataelewa kwamba kosa la mhandisi halifutiki kwa raba.

Vyuo navyo havipo mbali. Kule Nchiru, karibu na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoanza kama chuo cha harambee na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Mjini Meru kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, Meru National Polytechnic. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati mwaka wa 2016, kilitokana na chuo cha mafunzo ya kilimo. Basi wanafunzi wapo na viwanda vipo. Kinachokosekana ni nini?

La kusikitisha ni kwamba kijana wengi tunayemjua humaliza miezi yake miwili au mitatu akitoa fotokopi, akinunulia wakubwa vitafunio na kupanga faili. Jioni huandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kazi aliyoitazama kwa mbali. Mhadhiri hufika mara moja, hutia sahihi na kurejea chuoni.

Tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Meneja ana mashine ghali, ana wateja wanaosubiri, na anaogopa kijana asiyezoea asije akakatwa kidole. Zaidi ya hayo, mara nyingi huletewa mwanafunzi na barua tu, bila kuelezwa amesoma nini na anahitaji kujua nini. Mhadhiri naye ana wanafunzi waliotawanyika kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Kila mmoja ana lake la kujitetea, na anayeumia ni kijana.

Itambulike kwamba hata sheria haimhesabu mtu kuwa mhandisi kamili kwa sababu ya shahada. Sheria ya Wahandisi ya 2011 humtaka mhitimu afanye kazi kwa angalau miaka 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi wa kitaalamu. Waajiri nao hutozwa ada ya mafunzo ya viwandani ya Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kwa hivyo kumfunza kijana si sadaka. Ni jambo ambalo tayari linalipiwa.

Wenzetu walilitambua hili zamani. Mwaka wa 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, Herman Schneider aliwagawa wanafunzi wake wa uhandisi wawili wawili. Mmoja alikaa darasani wiki moja huku mwenzake akiwa kiwandani, kisha wakabadilishana. Kiwanda hakikukosa mfanyakazi, na chuo kilijua kila mwanafunzi anafanya nini.

Hatuhitaji kuiga kila kitu. Lakini chuo na kiwanda vinaweza kuketi pamoja kabla ya likizo, vikakubaliana juu ya tatizo moja la kweli: kwa nini boila hili linakula kuni nyingi, au kwa nini mota ile inaungua kila mara. Mwanafunzi apewe tatizo hilo, fundi mmoja wa kumwongoza, ovaroli na mafunzo ya usalama, na siku ya mwisho atoe maelezo mbele ya meneja na mhadhiri. Hapo hata kiwanda kitafaidika.

Nawe mzazi, usidhani ofisi ya ghorofani Nairobi ndiyo yenye heshima. Nafasi nyingi hizi hazina mshahara, na kodi ya chumba na nauli ya jijini hutoka mfukoni mwako. Kama una jamaa Runyenjes au Nkubu, kijana akikaa kwao na kwenda kiwandani kila asubuhi, huenda akajifunza mengi kwa pesa chache. Na ikiwa ni binti, usimzuie kuvaa buti na kushika spana. Mashine haiulizi jinsia.

Wewe mwanafunzi, usingoje kuitwa. Fika mapema, muulize fundi mzee kabla hajastaafu na ujuzi wake, na andika ulichokifanya kwa mikono yako. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Jioni kijana wako atakaporudi kutoka atachimenti, usimuulize kama amechoka. Muulize: leo umetengeneza nini?