Mtandao wa Wavu na Neno la Siri

Sisi tutokao Ras Kisimani twaelekeana na mdomo wa mto Rufiji. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, na mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia ili wapate mahali pa kurushia ndege. Tarehe 11 Julai mwaka huo manowari mbili, Severn na Mersey, ziliipiga hata nahodha wake akaizamisha mwenyewe. Waliokuwa wakiziarifu risasi za mizinga zaangukia wapi ni watu wa ndegeni, kwa simu ya upepo. Ujumbe upitao hewani hauna mlango. Kila mwenye chombo cha kunasia aweza kuusikia, rafiki na adui.

Nalikumbuka hilo kwa sababu baadhi yetu twaongea juu ya kuunganisha shule, zahanati na vijiji kwa mtandao wa wavu, kama Tunapanda walivyounganisha shule za Kibera, Nairobi. Hapo hakuna mnara mmoja mkubwa. Kila kisanduku juu ya paa hupokea ujumbe na kumpa jirani yake, mfano wa barua ipitayo mikononi mwa manahodha watano kabla ya kufika Kilindoni.

Jambo ni jema, nami naliunga mkono. Lakini mwenzangu mmoja alisema bwenini ya kwamba neno la siri halina haja, kwani sisi wavuvi hatuna siri. Sikubaliani naye hata kidogo. Je, bei aliyopatana baba yake na mnunuzi wa pweza si siri? Na ugonjwa wa mama yake ulioandikwa zahanati? Na namba ya kutolea fedha katika simu?

Wala si kila ufunguo utafaa. WEP ya zamani wataalamu waliivunja mwaka 2001, na WPA2 nayo ilionekana ina ufa mwaka 2017. Kanuni ya mitandao ya wavu ya mwaka 2011, iitwayo 802.11s, ina njia bora zaidi, SAE. Visanduku viwili huhakikishana kuwa vyote vyajua neno la siri bila kulitamka hewani, kisha kila jozi hupata ufunguo wake.

Hata hivyo, ufunguo huo hufunga hatua kwa hatua. Kila kisanduku njiani huufungua ujumbe, kisha huufunga tena kwa jirani. Nahodha wa tatu akitaka kusoma, atasoma! Kwa hiyo barua yenyewe lazima itiwe lakiri na mwandishi, aifungue aliyeandikiwa tu. Ndiyo kazi ya HTTPS tuionayo mwanzoni mwa anwani za intaneti.

Neno la siri lisiandikwe ukutani (nimeliona dukani, tena kwa chaki), nalo libadilishwe kila kisanduku kinapoibwa. Ni kazi ya kupanda mapaa. Napendekeza wapewe wanafunzi wa kidato cha tatu kwa zamu, wala si mtu mmoja, maana akihama atahama na funguo.