Programu ni ya bure, lakini Cimpunda inalipa

CIMPUNDA, BUKAVU – Mama anayeuza sambaza pale Nyamugo hutaja beyi kabla ya kufunga mzigo. Mteja akikubali, anafungiwa. Akikataa, anasogea kwa mama wa pili. Hakuna mwenye sambaza anayemfuata mteja mpaka nyumbani usiku kuchukua samaki ambao hawajaliwa. Kwa simu ndivyo inavyofanyika, kila siku, na wakaaji wa Cimpunda wamezoea mpaka hawaoni tena ajabu.

Neno "bure" ndilo lenye shida. WhatsApp ni bure, Facebook ni bure, kuziweka kwenye simu hakuombi hata franga moja. Huko Ulaya na Marekani watu wanabishana kama programu ya simu iuzwe dola moja au dola tano, ilipwe mara moja au kila mwezi. Hapa swali hilo halifiki mlangoni, kwa sababu ni wachache mno wenye kadi ya benki ya kulipia kitu kwenye intaneti. WhatsApp wenyewe walilitambua jambo hilo. Zamani waliomba senti 99 za dola kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Januari 2016 wakaifuta ada hiyo, na katika sababu walizotoa wakasema kwamba watumiaji wengi hawana kadi ya kulipia. Walikuwa na haki. Lakini ule uzito wa senti 99 haukupotea. Umehamia kwenye mega.

Aliyelipa senti 99 alijua alichonunua: mwaka mzima wa kutuma ujumbe. Anayenunua mega hajui. Sauti ya dakika mbili kutoka kwa mtoto inakula mega ngapi? Video ambayo mtu wa kundi la kanisa ametuma bila kuombwa inakula ngapi? Programu inayojifanyia masasisho usiku bila kumwuliza mwenye simu? Mtu anaweka forfe asubuhi, saa sita za mchana anaambiwa imekwisha, na hajui imekwenda wapi.

Familia zilizohamishwa na vita ndizo zinazoumia zaidi. Februari 2025, wakati mji wa Bukavu ulipobadilisha mikono, maelfu ya watu walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Walilala kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi wakapelekwa kambini Musenyi. Wengine walitoka Kalehe wakaja kukaa kwa ndugu zao huku kwetu Kadutu. Kwa familia ya namna hiyo, iliyokatwa vipande viwili au vitatu, simu ndiyo meza ambapo wote wanakutana. Sauti ya WhatsApp ndiyo inayosema mtoto amepona, ndiyo inayosema nyumba ingali imesimama. Kuwaambia watu hao kwamba programu ni bure ni kama kumwambia mtu barabara ni ya bure huku kila daraja lina mtu wa kukusanya makuta.

Kuna jambo moja ambalo wenye kupanga beyi hawajalijua, au wamelijua na kunyamaza. Forfe ya siku inahesabiwa saa 24. Umeme wa Cimpunda hauhesabiwi hivyo. Mtu ananunua mega jioni, moto unakatika usiku, simu inazimika. Kesho yake anapanga foleni ya kuchaji, na simu inapowaka tena, saa 24 zimepita na mega zimekufa zikiwa nzima. Alilipa, hakutumia, na hakuna anayemrudishia. Saa ya forfe inatembea hata simu ikiwa imelala.

Anayenunua kidogo ndiye anayelipa ghali. Msikilizaji asiyeamini achukue kalamu: aandike beyi ya forfe ya siku moja na ile ya mwezi mzima kwenye mtandao wake, agawanye kila moja kwa idadi ya mega zake. Mwenye makuta ya kununua ya mwezi anapata mega moja kwa beyi nafuu. Mama anayeishi kwa faida ya siku, anayenunua kidogo kwa sababu ndicho alicho nacho, analipa zaidi kwa kitu kilekile. Makampuni yanaita hiyo punguzo kwa mteja mkubwa. Ukiitazama kutoka Cimpunda, ni adhabu kwa mteja mdogo.

Makampuni yana majibu yao, na si yote ya uongo. Mnara wa simu unakula mazuti pale umeme unapokosekana. Vifaa vyao vinanunuliwa kwa dola nje ya nchi. Vita imefunga barabara na fundi hafiki kila mahali. Sawa, vitu hivyo vina gharama, na mtu mzima anajua kwamba kazi inalipwa. Lakini gharama ya mnara haielezi kwa nini mega zilizokwisha kulipwa zife kabla ya kutumiwa. Mazuti yalishalipiwa siku ile mteja alipotoa makuta yake.

Wakongomani walishaona mahali ambapo beyi iliyofichwa inaweza kufika. Septemba 2020 ilianza ile RAM, orodha ya serkali ya kusajili simu, chini ya waziri Augustin Kibassa Maliba. Simu ndogo ya 2G dola moja kwa mwaka, simu ya 3G au 4G dola saba. Makuta hayakuombwa: yalikatwa moja kwa moja kwenye yuniti za mwenye simu, kwa mafungu, ili yasiume kwa pamoja. Watu waliweka yuniti za kupiga simu moja, wakakuta zimeliwa. Walipouliza, waliambiwa hiyo si kodi, ni malipo ya huduma ya kuwalinda dhidi ya simu za wizi na simu bandia. Huduma gani, wangapi waliiomba? Katiba yetu, kipengele cha 174, inasema hakuna kodi bila sheria, ndiyo maana jina la kodi liliogopwa sana. LUCHA walipinga, wakaaji wakapiga kelele kila pembe ya nchi, Oktoba 2021 Bunge likataka ifutwe, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Waliokatwa dola zao hawakurudishiwa.

Majirani wamepita njia hiyohiyo. Uganda iliweka kodi Julai 2018: shilingi 200 kila siku kwa anayetaka kufungua WhatsApp au Facebook. Watu wakajificha kwa VPN. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa na mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya mega zenyewe, yaani mkono uliotoka mlangoni ukaingilia dirishani. Tanzania nayo, Julai 2021, iliweka tozo kwenye kutuma na kutoa pesa kwa simu. Wananchi walilalamika kwa sauti, na mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Beyi za simu hazitoki mbinguni. Watu wanazipanga, na watu wakisukumwa wanazipangua.

Sasa hapa kwetu kumeingia jambo jingine. Mabenki yalipofunga milango Februari 2025, mshahara, msaada na makuta ya ndugu wa ng'ambo vyote vilibaki ndani ya simu. Noti yenyewe ikawa bidhaa. Mtu ana dola zake kwenye simu, anakwenda kabini kuzitoa, anaambiwa: soko limebadilika. Neno hilo limekuwa kama muhuri. Ada ya kampuni inajulikana, lakini juu yake inapandishwa asilimia ya mwenye kabini, leo hivi, kesho vile, kwa huyu hivi na kwa yule aliyefika jana kutoka Kalehe akiwa na haraka, zaidi. Chukua hesabu ya mfano tu: mtu ametumiwa dola 20 za chakula, wakikata asilimia 5, dola moja imekwenda. Kwa aliyetuma ni kitu kidogo. Kwa mama mwenye watoto watano ni unga wa siku.

Haki itendeke kwa wenye kabini pia. Wengi wao ni vijana wa mtaa uleule, wanakaa juani chini ya mwavuli, nao hununua noti kwa shida na kwa hatari. Wakidai malipo kwa kazi hiyo, si wezi. Wanachokosea ni kukataa kuandika. Beyi isiyoandikwa inamwangalia mteja usoni na kupima dhiki yake.

Na kuna vijana wa Bukavu waliosoma informatike, wanaoweza kutengeneza programu ya malipo ya shule au ya kutafuta dawa kwenye mafarmasi. Hao nao wanasongwa. Kuweka programu kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja, kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na maduka hayo hukata asilimia 15 mpaka 30 ya mauzo. Halafu mteja wao hana kadi, ana franga kwenye simu. Kijana huyo akiomba franga kidogo kila mtu anapotumia kazi yake, zilipwe kwa pesa ya simu, Cimpunda isimcheke eti "si kuna za bure". Beyi yake mtu anaiona kabla ya kubonyeza, na anaweza kuikataa.

Makampuni ya simu yaache mega zilizolipwa ziishi mpaka zitumiwe, au angalau saa za forfe zisimame pale simu ilipozimika. Mega ya mnunuzi mdogo iuzwe beyi moja na ya mkubwa. Na kwa upande wa mtaa, viongozi wa kata na wenye kabini wanaweza kukaa pamoja juma hili bila kungoja mtu wa mbali: kila kabini itundike ubao, iandike kwa franga kiasi kinachokatwa kwa kutoa dola 5, dola 10, dola 20, na mteja asome kabla ya kuingiza namba yake ya siri.