Anayekwenda kwa mjomba naye ni mtalii

Sikubaliani na wanaosema kwamba mtu wa Koboko, Uganda, anayekwenda Yei, Sudan Kusini, au wa Arua anayekwenda Ariwara, Kongo, kuwasalimia ndugu si mtalii. Umoja wa Mataifa wenyewe, katika takwimu za utalii, humhesabu anayevuka mpaka na kulala kwa jamaa zake. Na hapa kwetu ni mpaka uliowavuka watu: eneo la Lado lilishikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki 1909, likarudi Sudan, kisha West Nile ikaingizwa Uganda 1914. Watu wa kabila la Kakwa wakajikuta katika nchi tatu bila kuhama.

Mtasema mgeni huyu halipii hoteli. Kweli, lakini hulipa bodaboda, hununua zawadi sokoni, na akitoka Aru ya Kongo hadi Terego wenyeji wake watamwonyesha Mlima Wati na kumsimulia habari za Dribidu, babu wa Walugbara. Hoja ya usalama ni nzito zaidi, maana vita vya 2016 viliwaleta watu wa Yei huku kama wakimbizi. Ila waliowapokea ni akina nani, kama si watu ambao nao walikimbilia Sudan na Zaire baada ya Amin kuanguka 1979? Strasbourg ya Ufaransa na Kehl ya Ujerumani zimeunganishwa kwa tramu tangu 2017, licha ya vita vyote walivyopigana. Kongo na Sudan Kusini zimo tayari katika Jumuiya ya Afrika Mashariki; basi vituo vya mpakani vya Vurra na Oraba vifanywe vyepesi kwa anayekwenda matangani na kwa anayekwenda kutazama mlima, kwani mara nyingi ni mtu yuleyule.