Utafiti uliofanyika kihambani urudi kihambani

WAPO wakulima katika vihamba vya Machame, Kibosho, Uru na Marangu waliowahi kupokea mgeni mwenye daftari, vichupa na kamba za rangi. Mgeni huyo, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu, huomba ruhusa ya kuhesabu nyuki kwenye maua ya kahawa, kuchukua udongo kidogo, au kufunga wavu juu ya matawi machache.

Mwenye kihamba hukubali, na pengine humkatia mkungu wa ndizi. Baada ya msimu mmoja au miwili mgeni huaga, na habari zake huishia hapo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa mgeni wa namna hii mwenyeji hajapona. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, huwekwa kwenye maktaba ya chuo, na sehemu yake huchapishwa kwenye majarida ya Ulaya na Marekani ambayo mkulima wa Kibosho hayaoni.

Si kwamba utafiti huo hauna faida. Faida ipo, na baadhi yake inaweza kupimwa kwa debe na kwa kilo. Tatizo ni kwamba haifiki.

Mfano wa utafiti uliofika uko Lyamungu. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, uliripotiwa Kenya mwaka 1922 na ukaingia Tanzania miaka ya 1960. Kwa miongo kadhaa, pamoja na kutu ya majani, ulimlazimu mkulima kununua dawa na kupiga bomba mara kadhaa kwa msimu. Aliyekosa fedha za dawa alikosa mavuno, na wapo walioachana na zao hilo kabisa.

Wataalamu wa Lyamungu walitumia miaka mingi kuchanganya aina za zamani zenye ladha nzuri, kama zile za N39 na KP423, na mibuni yenye ukinzani kutoka nje. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyoanza kazi mwaka 2001, ilianza kutoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili mwaka 2005. Mkulima aliyezipanda alipunguza gharama za dawa za kuvu, na hakuhitaji kusoma ukurasa hata mmoja wa Kiingereza.

Ikumbukwe sababu ya utafiti huo kufika. Ulifika kwa sababu ulikuja ukiwa mche, unaobebwa mkononi, unaopandwa, na jirani akauona umestawi. Lakini tafiti nyingi za biolojia zinazofanywa mlimani hazizai mche. Zinazaa maarifa tu, na maarifa hayasafiri bila mtu wa kuyabeba.

Chukua utafiti wa Alice Classen, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Würzburg cha Ujerumani, chini ya mradi mkubwa wa utafiti wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 2010. Yeye na wenzake walifanya majaribio katika mashamba 12 ya kahawa, kuanzia vihamba vya kienyeji hadi mashamba makubwa yasiyo na kivuli. Baadhi ya matawi walizuia ndege na popo wasiyafikie, na baadhi ya maua waliwazuia nyuki.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba pale ndege na popo walipozuiwa, idadi ya matunda yaliyoshika ilipungua kwa takriban asilimia 9. Pale nyuki walipozuiwa, uzito wa matunda ulipungua kwa takriban asilimia 7. Kwa maneno mengine, ndege na popo wanaokula wadudu waharibifu huongeza wingi wa kahawa, na nyuki huongeza uzito wake. Kazi ya mmoja haichukui nafasi ya kazi ya mwingine.

Mkulima anayechuma debe 100 afanye hesabu. Kama hali ya shamba lake inafanana na ya majaribio hayo, debe tisa hivi anafanyiwa na viumbe wasiodai ujira. Kwenye mnada wa kahawa, ambako daraja la AA ni la punje kubwa, uzito nao si jambo dogo.

Hayo ni maarifa ya kibiashara. Kijana anayetaka kung'oa mruka na mringaringa ili apate nafasi ya nyanya anapaswa kuyajua kabla ya kushika shoka. Ndege na popo hawaishi hewani, wanahitaji mahali pa kulala na kuzalia. Akishayajua anaweza bado kuamua kung'oa, kwa sababu nyanya hulipa ada ya shule haraka kuliko kahawa. Hiyo ni haki yake. Lakini atakuwa ameamua akijua anachopoteza.

Chukua pia suala la joto. Alessandro Craparo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2015 uchambuzi kuhusu kahawa ya Arabika ya Tanzania. Walibaini kwamba kinachoumiza zaidi mavuno ni kupanda kwa joto la usiku. Kila nyuzi moja ya ongezeko la joto hilo iliambatana na upungufu wa takriban kilo 137 kwa hekta.

Kwa mkulima mdogo ambaye hekta nzima humpa kilo mia chache tu, huo si upungufu wa kupuuza. Mbuni hukaa shambani miaka mingi. Anayepanda miche mipya leo kwenye ukanda wa chini anafunga mkataba na hali ya hewa ya miongo ijayo. Je, ni nani aliyemwambia hivyo wakati anachimba mashimo?

Karibu zaidi na nyumbani, wanasayansi wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, wamepima dawa za mimea kwenye maharage. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Prisila Mkenda na wenzake walitumia maji ya mimea inayoota kandokando ya mashamba, ikiwamo utupa na alizeti mwitu. Wadudu waharibifu walipungua, wakati wadudu rafiki na buibui walidhurika kidogo kuliko kwenye vipande vilivyopigwa dawa ya viwandani. Mavuno yalikaribiana, na gharama ilikuwa ndogo.

Wazee wengi wanaujua utupa tangu zamani. Ambacho hawakuwa nacho ni kipimo na ulinganisho, na hicho ndicho sayansi imekileta. Aidha, kuna tahadhari ambayo lazima isafiri pamoja na habari hiyo: utupa huua samaki, hivyo mabaki yake hayafai kumwagwa kwenye mfereji unaowahudumia majirani.

Wafanyabiashara wadogo nao wana fungu lao. Mama anayepika mbege huotesha ulezi, huukausha na kuusaga kabla ya kuuchanganya na ndizi zilizopikwa na kuchachuka. Katika kuota, punje ya ulezi hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Ulezi usioota vizuri hutoa mbege dhaifu, na mteja huhamia kilabu cha jirani.

Vimeng'enya ndivyo vinavyofanya kazi pia kwenye tangi la kuvundikia kahawa. Vijidudu huvitoa, navyo huyeyusha ule ulenda unaozunguka punje. Kwenye baridi ya juu mlimani kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko huku chini kwenye joto. Anayefuata saa za jirani wa ukanda mwingine anaweza kuosha kahawa kabla ya wakati, au kuichelewesha hadi ikachukua harufu mbaya na kushushwa thamani mnadani.

Wapo wanaodai kwamba mambo haya hayawezi kuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu ni ya kitaalamu mno. Dai hilo halina msingi. Kuvu, chavua, mbochi na kimeng'enya ni maneno ya Kiswahili, na mpika mbege anaijua kazi ya kimeng'enya hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Hoja nyingine ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa haki. Watafiti husema utafiti mmoja si ushauri. Jaribio la msimu mmoja katika mashamba machache laweza kutoa jibu tofauti kwingine, na mkulima akilichukua kama amri anaweza kupata hasara. Wanafunzi nao hulalamika kwamba muda na fedha za masomo huisha kabla hawajarudi mashambani.

Ni kweli. Lakini mkulima wa mlimani ndiye mtu wa mwisho kudhani kwamba msimu mmoja unafanana na mwingine. Aambiwe wazi kwamba lilikuwa jaribio moja, lilifanyika mahali fulani, kwa miaka fulani, na lilionyesha hivi. Atalipima kwenye kona ya shamba lake kabla ya kulieneza. Kumnyima habari kwa kuogopa kwamba hataielewa ni kumdharau.

Kuhusu gharama, karatasi mbili za Kiswahili si mzigo kwa mradi ulioweza kusafirisha watu na vifaa kutoka Ulaya. Kwa mwanafunzi wa Kitanzania anayejilipia, chuo chake kinaweza kubeba gharama za kuzichapa.

Ukimya huu unaumiza zaidi kwenye vijiji vinavyopakana na msitu. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa na kuuingiza msitu, na kina mama waliozoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni wakabanwa. Miaka kadhaa baadaye watafiti, akiwamo Henry Njovu wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, walitega kamera katika maeneo 66, kuanzia mita 870 hadi mita 4,550 juu ya usawa wa bahari. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wingi wa mimea na ulinzi wa eneo ndivyo vinavyoamua wanyama wakubwa wabaki wapi.

Wanakijiji wanaoambiwa wasiingie msituni wana haki ya kuonyeshwa picha za kilichomo humo. Anayejua wanyama gani wanaishi juu ya shamba lake huelewa kwa nini msitu unalindwa. Vilevile huwa na hoja ya maana anapodai kifuta jasho baada ya mazao yake kuliwa.

Kwa hiyo ipo haja ya kuchukua hatua, na hazihitaji bajeti kubwa. Kwanza, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ambayo hutoa vibali vya utafiti, iweke sharti kwamba muhtasari wa Kiswahili uachwe kwenye ofisi ya kata na kwenye chama cha msingi cha ushirika cha eneo husika. Vyuo vya hapa nchini navyo visimpe mwanafunzi shahada kabla ya kuona muhuri wa kupokelewa kwa muhtasari huo.

Pili, vyama vya msingi vitenge nusu saa katika mkutano mkuu wa mwaka kwa ajili ya mtafiti mmoja. Mkoa huu haukosi wasomi. Lyamungu, Mweka, KCMC na Chuo Kikuu cha Ushirika viko umbali wa nauli ya daladala kutoka Moshi mjini. Wenye maduka ya pembejeo nao waalikwe, kwa sababu wao ndio mkulima anaowauliza kwanza anapoona jani limegeuka rangi.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, wakulima waanze kuuliza badala ya kusubiri kuulizwa. Kila chama kiandike maswali matatu kwa mwaka na kuyapeleka vyuoni. Mibuni chotara inafanyaje chini ya migomba iliyosongamana? Kahawa ivundikwe saa ngapi katika kila ukanda? Je, mizinga ya nyuki kihambani inalipa? Mwanafunzi anayetafuta mada atapata mada, na chama kitapata jibu kinacholihitaji.

Ardhi ya Wachagga imegawanywa baba kwa mwana hadi vihamba vingine vimebaki vya kujenga nyumba na kupanda migomba michache. Hapawezi kuongezwa shamba, kinachoweza kuongezwa ni maarifa juu ya shamba lililopo. Mengi yameshapatikana, tena kwa kutumia miti, maua na udongo wa wakulima wenyewe. Mkutano ujao wa chama cha msingi ndio mahali pa kuanzia kuyadai.