Vibao vya Mji Mkongwe na Ruhusa za Pekee

Anayeingia Mji Mkongwe kwa upande wa Darajani, akafuata vichochoro mpaka Hurumzi na kuteremkia Gizenga hadi Shangani, hukutana njiani na vibao vya kila namna: vya mbao zilizochongwa, vya bati, vya plastiki vyenye taa ndani, na vitambaa vilivyofungwa baina ya madirisha mawili yanayotazamana. Hatumlaumu mwenye duka kwa kutaka ajulikane. Biashara matangazo, na watoto wake watakula kwa hicho kinachouzwa. Linalotushughulisha leo ni jambo jengine, nalo ni namna ruhusa za kwenda kinyume cha kanuni za vibao zinavyoombwa na zinavyostahili kutolewa.

Kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kupendeza macho ya wageni tu, kama wengine wanavyodhani. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi ukatayarishwa mwaka 1994, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sheria mpya ya Mamlaka ikapitishwa mwaka 2010. Juhudi zote hizo zina sababu ambayo fundi yeyote wa chokaa anaifahamu. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji na huyatoa. Mtu anapoupigia parafujo nne za chuma ili kuning'iniza kibao kizito, hewa ya bahari huila ile chuma. Chuma ikiota kutu hufura, na ikifura hupasua plasta. Mvua za masika hupata njia ya kuingia, na maji yakishafika kwenye vichwa vya boriti, mwenye nyumba ya juu ndiye atakayelipa gharama ya kibao cha mpangaji wa chini. Hatusemi kwamba Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 kwa sababu ya vibao. Lakini siku ile, ambapo watu wawili walipoteza maisha, ilitukumbusha sote kwamba kuta hizi zimezeeka na hazistahamili kila mzigo.

Wapo wanaosema kwamba, kwa hali hiyo, mlango wa ruhusa za pekee ufungwe kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Kanuni moja haiwezi kuzitosha nyumba zote za mji ambao hata mitaa yake haina njia mbili zinazofanana. Chukua mfano wa duka la dawa lililo ndani ya uchochoro ambao watu wawili wakikutana hapana budi mmoja ajibanze ukutani. Kibao kilicholala juu ya ukuta hakionekani mpaka mtu asimame mbele yake, na mwenye mgonjwa nyumbani saa tatu za usiku hana wasaa wa kutafuta mlango mmoja baada ya mmoja. Duka kama hilo likiomba kibao kidogo kinachochomoza, kilichofungwa kwenye boriti ya baraza pasipo kugusa jiwe, maombi hayo ni ya haki. Ni hivyo hivyo kwa nyumba ambayo mlango wake wa nakshi umechukua sehemu yote ya mbele. Kumlazimisha mwenyewe aweke kibao juu ya mlango ni kumwambia auharibu mlango ambao sheria imekuja kuulinda.

Katika miji mingi ya Marekani, mwenye kuomba aachiwe sharti la namna hii hutakiwa aoneshe kwamba taabu yake inatokana na kiwanja au jengo lenyewe, na kwamba hakujitakia mwenyewe. Kipimo hicho tunakiona chema, na hakina haja ya kusafirishwa kwa meli. Mzee yeyote wa mtaa angelipima hivyo hivyo. Uchochoro mwembamba ni taabu ya jengo. Lakini kampuni inayodai kwamba rangi zake ni zile zile dunia nzima, na kwa hiyo lazima ukuta wa Mkunazini upakwe rangi hizo kutoka chini mpaka dirishani, haina taabu yoyote. Ina matakwa tu. Visiwa vya Hawaii, vinavyopokea watalii wengi kuliko sisi, vilipiga marufuku mabango makubwa ya biashara tangu mwaka 1927, na wafanyabiashara wake hawakuhama.

Jambo linalotia uchungu zaidi ni maombi yanayoletwa baada ya kibao kuwekwa. Ukuta umeshatobolewa, taa zimeshawashwa, ndipo barua inapoandikwa kwa unyenyekevu mkubwa, ikieleza gharama zilizokwisha kutumika. Ofisa anayeisoma ni binadamu, naye huona tabu kuamuru kitu cha mamilioni kiteremshwe. Basi huyu huachiwa, na mshoni wa Kiponda, aliyekuja ofisini mapema kuuliza ubao wake uwe na upana gani, huambiwa apunguze. Tunawaomba wakuu wanaohusika waishike kanuni moja bila ya kuangalia uso wa mtu: maombi ya baada ya kitendo yasipokelewe mpaka kibao kishushwe kwanza na ukuta uzibwe kwa chokaa, si kwa saruji.

Kwa upande wa pili, mwananchi naye ana haki ya kujibiwa. Anayeomba kwa njia iliyo sawa kisha akakaa miezi bila ya jawabu, hufundishwa na ofisi yenyewe kwamba kuomba ni upuuzi. Jawabu litolewe kwa maandishi, likubali au likatae, na sababu itajwe. Ruhusa iwe na muda wake. Kitambaa cha tamasha la Ngome Kongwe hakina kazi baada ya tamasha kwisha, na jua la kaskazi likikichana vipande hakimtangazi mtu yeyote.

Tena ofisi za Serikali zisijione ziko nje ya jambo hili. Ubao wa idara ukipigiliwa juu ya nakshi ya miaka mia, mwenye duka aliye mkabala atauliza kwa nini yeye akatazwe, nasi hatutakuwa na la kumjibu. Idara nazo ziombe, zisubiri, na zikataliwe inapobidi.

Tunapendekeza, kwa kuanzia, daftari la ruhusa za pekee liwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma: nyumba ipi, kibao gani, kwa sababu ipi, mpaka tarehe gani. Nakala ipelekwe kwa sheha wa shehia inayohusika, kwa sababu yeye ndiye anayepita hapo kila siku, na yeye ndiye atakayejua kwamba tarehe imepita na kibao bado kipo.